Neno Moja la Ibara

Kamati ilifika Busia saa nne, mvua ikiwa imekatika,
magari matatu meupe, matope hadi milangoni.
Ukumbi ulinuka rangi mbichi:
walikuwa wamepaka ukuta wa mbele tu,
ule ambao kamera ingeuona.

Mimi ni mfasiri wa Bunge. Kazi yangu ni kukaa kati
ya maikrofoni mbovu na watu wenye haraka.
Mezani palikuwa na marekebisho ya Mkataba wa Jumuiya,
kurasa kumi na tisa
zilizotiwa saini na wakubwa mbali na hapa,
kwenye zulia, mbele ya bendera zilizopigwa pasi.

"Tumekuja kupokea maoni," alisema mwenyekiti,
Mheshimiwa Katwesigye.
Nikalisema kwa Kisamia, nikalirudia kwa Kiswahili,
maana nusu ya ukumbi walikuwa wamevuka asubuhi
na wangevuka tena kabla ya giza.

Akasimama Taaka Nabwire, muuza mukene,
magamba yakimeta hadi viwikoni.
"Isome ile ya mizigo midogo."
Nikaisoma: nchi mwanachama inaweza
kumruhusu mchuuzi kupita bila ushuru.
"Inaweza," akasema. "Rudia."
Nikarudia.
"Hata mume wangu wa kwanza anaweza kurudi."

Ukumbi ukacheka kwa lugha tatu. Hilo sikulifasiri.

"Andikeni lazima. Ni neno fupi, halimalizi wino."

Mwenyekiti akavua miwani. Akaeleza, kwa upole,
kwamba Bunge haliondoi hata nukta:
huridhia mkataba mzima au huukataa mzima.
Bunge si fundi cherehani.

"Gomesi hii," akasema Taaka, "ililetwa mikono imenizidi.
Sikuitupa. Sikuivaa vile.
Niliirudisha kwa fundi, nikakaa kizingitini pake
mpaka akaipunguza.
Na ninyi tuliwachagua mkakae wapi?"

Kwenye taarifa nilipaswa kuandika:
Mwananchi mmoja aliomba ufafanuzi.
Niliandika hivyo. Usiku, hotelini,
nikafuta, nikaweka gomesi na mikono yake.

Kampala, chumba cha kamati, chai ikapoa na utando juu.
Nje, kaloli wawili juu ya taa za barabara
walisimama kama mawakili wanaosubiri ada.
Mheshimiwa Egesa aliuliza: kurudisha ni kukataa?
Mwanasheria akafunua kanuni, akalowesha kidole,
akafunua tena.
Kisha akasoma, polepole, kama mtu anayekanyaga ubao mbovu:
Bunge linaweza kuirudishia Serikali hati
pamoja na maoni yake.

Linaweza.
Nilimtazama mwenyekiti. Naye alikuwa amelisikia.
Neno lile lile lililotufungia kizuizi Busia
lilikuwa limeacha mlango wa nyuma wazi.

Sitasema tulishinda. Kura zilikuwa chache,
wengi walikuwa mazishini au kwenye simu zao.
Siwa ilibebwa nje, taa zikazimwa,
na barua ikaondoka ikiomba neno moja.
Haijajibiwa.

Jumamosi nilipita Busia kwa shughuli zangu.
Kizuizi kilikuwa chini.
Taaka alikuwa kwenye foleni, beseni kichwani,
shilingi za ushuru zimekunjwa kiganjani.
Hakunisalimu.
"Fundi," akauliza, "amesemaje?"