Kusimama

Duka la spea la Shekuwe lina kioo kirefu,
nami nilijitazama humo siku tatu kabla ya kuingia.
Ndani, juu ya kitambaa cheusi kama mkufu wa bi harusi:
kalipa nyekundu, pistoni sita,
diski zenye matundu kama chujio la chai.
"Ajali haina kinga," akasema muuzaji
huku akiniuzia kinga.
Bei aliiandika kwenye karatasi. Hakuitamka.

Mimi ni mhasibu wa hoteli, tarakimu hazinitishi.
Nina Subaru ya buluu, umri wake na wa kifungua mimba wangu ni mmoja,
bomba lake la moshi huamsha paka wa Shela yote.
Niliinunua kwa mbio zake.
Habari ya kusimama sikuiuliza.

Nikaipeleka Maweni, kwa Mbeyu wa Ngumbao,
miaka ishirini na sita, grisi kwenye kucha, dhahabu masikioni.
Karatasi ya bei hakuitazama.
Alifungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kijiti,
akanionyesha: meusi, kahawa ya jana.
"Haya hunywa maji ya hewani," akasema,
"na hapa kwetu hewa ni bahari iliyosimama wima.
Ukizikanyaga breki mfululizo yanachemka,
mguu wako unakanyaga povu."

Nikanyamaza.
Povu hilo nilishalikanyaga.

Ilikuwa Gede, mwezi wa Rajabu, saa kumi na moja jioni.
Nilikuwa nikishindana na Probox ya mirungi tangu Matsangoni,
breki nimezikaba mara nne, mara tano,
mtoto mwenye dumu la njano akashuka lamini.
Pedali ilizama kama mguu topeni.
Gari lilisimama. Naye alisimama.
Kati ya dumu na taa yangu
ungeweza kupitisha mkono, si zaidi.
Hakulia. Alinitazama kama mtu asomaye bango,
halafu akavuka.
Hilo sikumwambia mtu.

"Kalipa hizo hazitaingia ndani ya rimu zako," Mbeyu anaendelea.
"Utanunua rimu. Rimu zitadai tairi.
Na hizi ulizo nazo zina vipara kama baba yangu!
Breki husimamisha gurudumu, kaka.
Gari husimamishwa na tairi."
Nikaulizia pedi za mashindano.
"Hizo hutaka moto kwanza.
Asubuhi ukifuata mahamri zitakuwa zingali zimelala."
Kisha, macho yake yakiwa bado chini ya gari:
"Wataka kusimama, ama wataka kuonekana ukisimama?"

Nikasema kusimama.
Nilidanganya kidogo.

Tukaweka mafuta mapya, mipira iliyosukwa kwa chuma,
pedi za barabarani, ngumu kidogo kuliko za kiwandani,
diski nzima zisizo na tundu hata moja,
tairi nne.
Hesabu yote haikufika nusu ya ile karatasi.

Jumapili alfajiri, barabara ya Kasuarina, kama alivyoniagiza:
toka sitini hadi kumi, mara kumi, usisimame kabisa,
ziache zizoeane.
Harufu kali ya pedi changa ikajaa garini.
Mara ya kumi na moja nilisimama.
Mbele hapakuwa na kiumbe.
Nilisimama tu; mkanda ukanikaza kifua,
chane ya ndizi ikaruka kutoka kiti cha nyuma.

Usiku ule nikatoka uani na kibati cha rangi na mswaki mkuukuu,
nikazipaka kalipa zangu za zamani, zote nne,
nyekundu.
Sikuweza kujizuia.
Mwanamvua akanikuta, vidole kama vya mchinjaji.
"Umeua nini?" akacheka.

Nikaketi juu ya tairi la zamani.
"Sijaua," nikasema.
"Njoo uketi. Kuna mtoto wa Gede."