Maelezo ya Shilingi Mia Nne na Hamsini

Bi. Mhasibu, salamu.
Barua yako ya tarehe tisa nimeipata.
Umeuliza kwa upole, nami nitajibu kwa upole:
zilikwenda wapi shilingi mia nne na hamsini
za safari ya Malindi,
somo la Mbinu za Utafiti, mwaka wa pili?

Risiti ya basi unayo. Ya chapati na maharagwe
pale Kisumu Ndogo unayo pia, ile yenye doa;
ni mchuzi, usidhani nimefuta tarakimu.
Madaftari ishirini na mawili, unayo.
Hizo mia nne na hamsini ni maji.

Si ya kunywa. Ya kujifunzia.

Miaka mitatu niliomba.
Wa kwanza mkasema bajeti imefungwa.
Wa pili mkasema sayansi ya jamii haina maabara,
ina vitabu, na itosheke.
Wa tatu mkanipa elfu thelathini na nane
na fomu yenye kijisanduku: Matokeo Yanayotarajiwa.
Nikaandika: Watajua kuuliza.
Mkairudisha.
Nikaandika: Watapata stadi za ukusanyaji wa data.
Mkagonga muhuri.

Basi sikiliza.
Umazi Changawa, ambaye darasani
sauti yake niliijua kwa mahudhurio tu,
aliingia Maweni na hojaji ya maswali arobaini,
kazi ya mwezi mzima, imepigwa chapa, imebanwa pini.
Akamkuta Thoya muuza maji,
mkokoteni umezama mchangani,
madumu kumi na manane, gurudumu moja limegoma.
Akamsomea swali la kwanza:
"Kaya yako hutumia lita ngapi kwa siku?"
Thoya akamtazama, akatazama karatasi.
"Sukuma kwanza," akasema.

Akasukuma. Kundi zima likasukuma,
Moraa viatu mkononi, Lemashon akihesabu moja, mbili
kana kwamba wanamwokoa ndama topeni,
mlango wa kwanza, wa nne, wa tisa,
na njiani, bila swali, majibu yakamwagika:
kwamba mfereji ukikauka
bei hupanda kabla ya adhuhuri;
kwamba nyumba yenye tangi kubwa ndiyo yenye deni refu;
kwamba yuko mjane asiyelipa wala kudaiwa,
na jirani yake hulipa mara mbili
na hajawahi kuambiwa kwa nini,
wala hajawahi kuuliza.

Hapo Umazi akaisahau kalamu.

Hapo pia, nikiri, Lemashon akaachia mpini,
madumu matatu yakaenda chini na kupasuka.
Mia moja na hamsini kila moja, dumu na maji yake.
Thoya akachukua chaki kutoka sikioni,
akachora mistari mitatu ubavuni mwa mkokoteni.
Nikamlipa. Akalamba kidole gumba,
akaifuta yote mitatu.

Hiyo ndiyo risiti yake, Bi. Mhasibu: kufuta.
Sasa nikuletee nini?
Nikuletee kidole gumba chenye chaki
ukibandike kwenye faili?

Usiku ule, bwenini tulikolala kwa hisani ya shule,
Umazi alichana kurasa za hojaji,
akabakiza maswali tisa, kisha saba.
La kwanza aliliandika upya kwa mkono:
"Nani hapa halipi, na ni nani anayejua?"
Jumatatu aliinuka darasani akanipinga
mbele ya wenzake wote, kuhusu maana ya neno *kaya*.
Alikuwa sahihi. Nimeusahihisha muhtasari wangu,
aliyoandika marehemu mwalimu wangu, nikaurithi, nikaufundisha
miaka kumi na moja bila kuusukuma popote.

Ikibidi, kata mshahara wangu, sitanung'unika.
Ila nimeambatisha ombi la mwakani.
Utaona ni lilelile, isipokuwa nimeongeza mstari,
chini ya nauli, juu ya chapati:
madumu ya kupasuka, matatu.