Karani wa Nyangumi

Julai, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
Tudor imejigubika mawingu kama mgonjwa wa homa.
Kipupwe cha mwaka huu hakina adabu,
kimepenya vifungo vya shati,
kimeingia hata kwenye kalamu, wino umegoma.

Abiria tisa. Nimewaandika mmoja mmoja:
bwana wa kamera ndefu kama mchi,
maharusi wa Nakuru waliovaa glavu,
na wengineo, na wa tisa, Kadzo, muuza vitunguu Kongowea,
aliyeshinda tiketi kwenye droo ya duka la unga,
akaja na leso mbili, chupa ya chai, na swali:
"Huyo mnyama mwenyewe, magunia mangapi?"

Nikasema tani thelathini.
Akapiga hesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
"Magunia mia tatu," akasema. "Na yote hayo yanapumua?"

Tukapita chini ya daraja la Nyali,
juu yetu mji ukikimbilia kazini kwa honi,
tukaupa mgongo mnara wa Ras Serani.
Nje ya mwamba bahari ilikuwa inatungoja
kama mdai.

Na hapa nikiri, maana daftari halina safu ya kukiri:
mimi Mwachiro, karani wa boti hii misimu mitano,
niliyefunzwa kuutambua mkia kwa madoa yake,
kutenga povu la wimbi na pumzi ya mnyama,
nilikuwa na kichwa ndani ya ndoo.
Tangawizi, ndimu, mdalasini, vyote vilirudi
kwa njia ile ile viliyoingilia.
Bwana wa kamera alikuwa kifudifudi juu ya kamba.
Bwana harusi kamshika bibi harusi,
bibi harusi kashika ukingo.
Nahodha Shebwana alisimama wima, ni kweli,
lakini macho yake yalikuwa kwa wimbi linalokuja,
si kwa kingine.

Basi alipotoka
hakuna aliyemwona ila Kadzo.

Nilisikia. Hilo naweza kuliapia.
Pumzi moja ndefu, kama breki za lori
kwenye mteremko wa Changamwe,
na harufu ya dagaa walionyeshewa.
Halafu kimya.
Halafu maji yakianguka, yakianguka,
bado yakianguka.

Nilipoinua uso palikuwa na duara tu,
laini katikati ya vurugu lote lile,
kama mahali palipopigwa pasi.

"Upande gani?" nikauliza, natafuta kalamu ya risasi.
"Mbele. Halafu kila upande."
"Urefu?"
"Toka lango la soko mpaka kwa wauza ndizi."
"Rangi?"
"Mgongo, sufuria ya kuni. Tumbo, unga."
"Alifanya nini?"
Akamimina chai, boti ikiyumba, tone halikumwagika.
"Aliinuka kama mtu aliyesikia akiitwa.
Akageuka aone ni nani.
Akaona ni sisi.
Akarudi."

Nikaandika neno kwa neno, mvua ikinirarulia karatasi.
Gatini wanane walidai nusu ya nauli,
Kadzo akadai chupa yake, ilibaki chini ya benchi.

Ofisini wakaniita: lango la soko ni kipimo gani?
Jumatatu nikaenda Kongowea na utepe wa fundi seremala,
nikaanzia langoni, nikavuta, nikaweka alama kwa chaki,
nikavuta tena, mpaka mkungu wa kwanza wa ndizi.
Mita kumi na nne, na kiganja.

Sikwenda kumwambia. Alikuwa anazozana na mteja
juu ya vitunguu vilivyochipua.
Nilirudi katikati, palipokuwa ubavu wake,
nikasimama na utepe mkononi.
Mikokoteni ikaja. "Njia! Njia, wewe!"
Sikujua nisogee wapi.
Pande zote zilikuwa yeye.