Kazi ya Nyumbani

Nyakio karudi na kitabu cha picha:
mti mmoja umechorwa mara nne,
wa theluji, wa maua, wa majani, wa kutu,
na chini yake swali: Taja dalili tano
za majira ya machipuko.
"Cucu, machipuko ni mwezi wa ngapi?"

Mimi nina udongo hadi viwiko,
najaza vifuko vya miche kando ya barabara ya Ngong,
miparachichi mia mbili,
na mitarakwa michache isiyopata mnunuzi.
Sikuwa na jibu. Nikamwambia,
nipishe kwanza na debe hilo.

Huku hakuna theluji ya kuyeyuka.
Kuna Julai.
Wingu limeukalia mji kama kifuniko cha sufuria,
makaa yamepanda bei, mbwa wa Shikuku
analala ndani ya gurudumu la lori.
Miche haifi, wala haikui.
Imenyamaza kama mdaiwa aliyesikia hodi.

Kisha, bila tangazo,
muhuti ule nyuma ya tangi la maji
ambao hauna hata jani moja
unawasha nyekundu kwenye ncha za matawi,
kama mtu aliyeuza nguo zote
akabaki na kilemba.
Chozi wanaugombania tangu alfajiri.
Hiyo, mwanangu, andika moja.

Jakaranda usiandike.
Hiyo kila mtu anaiona, hata aliye kwenye simu.

Andika ua la moto, lile duara la sindano nyekundu
linalotoboa ardhi kavu bila kuuliza mvua iko wapi,
pale pale fundi Mutiso anapomwaga maji ya saruji.
Mwaka jana alilikanyaga. Mwaka huu limeota mawili.

Andika kwera dume: juzi alikuwa kama shomoro tu,
leo kavaa manjano, anachana majani ya mgomba wangu
uzi kwa uzi, akajenge.
Jike anakuja, anavuta nyumba kwa mdomo,
haimridhishi, anaruka zake.
Dume anaibomoa yote. Anaanza upya na mgomba wangu.

Ya nne ni mbayuwayu.
Njoo uone, wamejipanga juu ya waya wa stima,
wamekonda, hawasemi.
Hao wametoka ndani ya kitabu chako,
kwenye ukurasa ule wa mti wenye kutu.
Huko wameacha watu wakitafuta makoti,
huku wamefika nzi ndiyo wanaanza kunenepa.
Nyakio akatazama kitabu, akatazama waya.
"Kwa hiyo wao wana machipuko mara mbili?"
Nikasema, na nauli hawalipi.

Ya tano ilikawia.
Kalamu ilikuwa imesimama hewani.
Ningeweza kusema siafu wanaohamisha mayai,
au yule ndege wa sauti tatu, zikishuka,
ambaye miaka sitini sijawahi kumwona.
Nikasema: babu yako Gachoka alikuwa akipiga chafya.
Siku tatu kabla ya mvua ya vuli, kila mwaka,
chafya saba, nane, mpaka kuku wanatawanyika,
nami naanza kutoa mbegu kwenye kibuyu.
Sasa inakuja tu. Inanikuta na nguo kwenye kamba.

Akaandika. Herufi kubwa, mstari umepinda.

Usiku huo ilinyesha. Asubuhi mbawa za kumbikumbi
zilikuwa zimelowa mlangoni, za rangi ya chai,
na barabara nzima ilinuka kama chungu kipya.
Magari yalisimama. Watu walitaka miche,
hata mitarakwa, hata iliyopinda.

Jumatatu daftari likarudi: alama nne,
na kwa kalamu nyekundu ya Mwalimu Akoth, pembeni:
Hii ya tano, fafanua.
"Cucu, nifafanue vipi?"
Nilikuwa narudisha chenji, vidole vyote matope.
Nikasema, shika hizi, nihesabie.