Nyimbo Tatu za Kwanza

Mchana napiga picha za pasipoti
katika duka la dawa, mtaa wa Govan,
taa nyeupe kama maziwa ya unga,
ukuta mweupe, kiti kisichozunguka:
kidevu juu, miwani vua, usicheke.
Hakuna kivuli kinachoruhusiwa.

Usiku natafuta mwanga wa kukopa.

Ukumbi uko chini ya reli, ndani ya tao la matofali
linalotoa jasho kabla watu hawajatoa.
Donalda wa mlangoni ananifunga utepe mkononi
na kunisomea sheria ninayoijua kama jina langu:
nyimbo tatu za kwanza, hakuna flashi,
kisha toka, Isbeil, usijifanye huna masikio.

Nyimbo tatu. Dakika kumi na moja,
labda kumi na mbili kama waya wa gitaa utakatika.

Wa kwanza naupoteza wote.
Taa ni nyekundu, nyekundu tupu, ya kumgeuza Mhairi
kuwa jamu; pua na midomo imeyeyukia shavuni.
Nafungua lenzi hadi mwisho, napunguza mwendo wa kilango
hadi pumzi yangu mwenyewe inaonekana kwenye picha.
Naegemeza kiwiko kwenye spika. Spika inatetemeka.
Naegemeza kwenye bega la kijana nisiyemjua
aliyemwaga bia kwenye kiatu changu; yeye hatetemeki,
Mungu ambariki, amelewa sawasawa.

Wa pili napata mkono, kipaza sauti, nusu ya jicho.
Zatosha. Gazeti linamtaka mwimbaji,
gazeti litapata mwimbaji.

Lakini nyuma, kule ambako fundi wa taa hajawahi kufika,
yuko Struan na ngoma zake.
Miaka tisa bendi hii, na katika kila picha
yeye ni fimbo mbili zinazoelea gizani.

Nikagundua jambo: toazi lake kubwa, la kushoto,
likipigwa huinama, na likiinama
huchota kijiko cha mwanga kutoka taa ya mlango wa dharura
na kummwagia usoni. Mara moja. Halafu giza totoro.
Ukisubiri kuuona umeshachelewa.
Basi nikafumba macho, nikasikiliza.
Moja, mbili, tatu, na. Moja, mbili, tatu, na.
Yeye anapiga ngoma, mimi napiga picha,
na kati yetu hamna kitu ila kuhesabu.
Nikapiga: sikio. Nikapiga: fimbo. Nikapiga: giza, giza.
Donalda ameshanigusa bega mara mbili.

Ndipo treni ya saa tatu na nusu kwenda Paisley
ikapita juu ya vichwa vyetu,
matofali yakanguruma, kidole changu kikashtuka,
kufumba na kufumbua.

Sikuangalia hadi nje, kwenye mvua,
nimejifunika koti kichwani kama anayevuta sigara kwa siri.
Picha ina chenga kama pishi ya mchele wa bei ya chini.
Shavu halijulikani linaanzia wapi.
Lakini ni yeye: mdomo wazi, anahesabu,
na jasho limesimama kwenye kope kama limesahau njia.

Jumanne akaja dukani. Bendi inasafiri, anataka pasipoti.
Nikamkalisha kwenye ule weupe. Kidevu juu. Usicheke.
Mashine ikamkataa mara nne: amefumba macho,
amefumba macho; anapepesa kwa mapigo,
goti lake linahesabu chini ya kiti.
Ya tano ikamkubali mtu fulani
asiyewahi kupiga chochote maishani.

Nikatoa ile nyingine kwenye droo.
Akaishika kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani,
akaitazama muda mrefu kuliko watu wanavyojitazama.
Nikangoja aseme ni nzuri.

"Hapa," akasema, akigusa fimbo iliyo hewani, "nilichelewa."

Nikasema, "Treni."

"Treni," akasema, na akacheka,
na kamera ilikuwa mezani, imezimwa.