Chupa Mbili za Faustini

Umeme umekatika Kurasini, feni imenyamaza.
Shose, aliyezeekea kaunta za Posta,
ananifundisha: usimeze upesi,
ipashe bilauri joto kwa kiganja.

Konyaki ya miaka kumi inaniuma ulimi,
zabibu kavu, ganda la chungwa, halafu kelele.
Ya arobaini haina haraka:
sanduku la mninga lililofungwa masika yote,
karafuu moja,
na kitu ambacho hata Shose hajui jina lake.

"Na miaka ishirini iliyokaa kabatini kwangu?"
"Haihesabiwi. Huzeekea pipani tu.
Ikishatiwa kwenye kioo, umri unasimama."

Natazama picha yako ukutani,
sare ya forodha, kola imenyooka.
Mimi nimeota mvi, Faustini.
Wewe, nyuma ya kioo,
bado thelathini na tisa.