Jumanne, Saa Mbili Usiku

Jumanne halali mtu mapema katika nyumba hii.
Saa mbili kasoro robo nawasukuma mmoja mmoja,
magurudumu yakilalamika juu ya zulia,
hadi sebuleni, mbele ya televisheni.
Nje ni Grimsby. Mvua ya Novemba
inagonga madirisha kama mtu aliyesahau ufunguo.

Doreen ana kisukari, keki anaila kwa macho.
"Macho hayana pazia," namwambia, namfasiria,
anacheka mpaka meno ya bandia yanateleza.
Winifred anafuma soksi isiyofika kisigino.
Mzee Pickersgill, miaka arobaini na mmoja
kwenye kiwanda cha mikate kule Hull,
hasemi. Tangu Machi, tangu mkewe azikwe,
hasemi hata na daktari.

Wameanza.
Walikuwa kumi na wawili, wamebaki sita,
kila mmoja na meza yake, na bakuli lake,
na aproni ambayo asubuhi ilikuwa nyeupe.
Gethin analia. Gethin hulia kila wiki:
yai likipasuka vibaya, analia,
likipasuka vizuri, analia zaidi.
"Mtoto wa watu," asema Winifred, "mpeni ushindi aende kwao."
Parveen wa Bradford katia iliki,
majaji wamenusa, wamekunja nyuso,
nami nimesimama na trei ya dawa
nikimtetea kimoyomoyo: iliki imemkosea nani?

Lakini Lorna!
Lorna wa Dundee asiyecheka,
apimaye unga kama dhahabu ya kuazima,
anayejibu "sawa" akisifiwa, kisha akageuka.
Wiki sita sasa Doreen anamlaani.
"Mtazame! Uso kama mlango wa benki Jumapili.
Anajiona. Hata krimu inaganda kwa kumwogopa."
Pilipili usiyoila yakuwashiani, Doreen?
Yamwasha. Yatuwasha sote. Ndiyo raha ya Jumanne.

Ila mimi nina langu.
Siku zangu za mwanzo hapa
nilisikia, nyuma ya mlango wa bafu,
sauti hii hii ikisema, "Huyu mpya hacheki."
Nilikuwa nahesabu vidonge,
vidonge vya watu kumi na tisa,
kwa lugha ambayo bado naikodi.
Anayehesabu atacheka saa ngapi?

Leo keki ya Lorna ni ghorofa tatu.
Zimebaki dakika nne. Anaiinua,
na ghorofa ya kati inakaa chini polepole,
kama mzee anayetafuta kiti gizani,
halafu yote.
Hakupiga kelele. Alisimama na mwiko wake,
kidevu kikitetemeka peke yake.

Nilingoja shangwe.
Winifred aliacha sindano hewani.
Doreen alijifunika uso kwa viganja:
"Geuzeni kamera! Hamna adabu? Geuzeni, msimtazame!"
Na huku anatazama, kati ya vidole.

Hapo ndipo sauti kavu, kama droo ya siku nyingi,
ikatoka pembeni, kwenye kiti cha Pickersgill:
"Tanuri. Kafungua mlango mapema."
Tukageuka sote. Yeye hakugeuka.
"Keki haichunguliwi," akasema.
Basi. Hakuongeza.

Lorna wakamtoa. Akawakumbatia wenzake, hata Gethin,
ambaye, bila shaka, alilia.
Nikazima taa, nikampeleka Doreen chumbani,
nikamvua viatu, nikamtoboa kidole, nikampima sukari.
Alitazama dari kwa muda mrefu.
"Sasa wiki ijayo," akauliza, kama aliyepunjwa,
"nitamchukia nani?"
Nikamwambia yupo yule wa tai ya kipepeo.
"Yule? Yule hana hata uso wa kuchukiwa."
Akaomba biskuti, ile isiyo na sukari,
akaitafuna kwa hasira, chembe kwa chembe,
mimi nimeshika mlango, sijui niufunge au niuache.